Tuwarekodi Wangali Nasi
(Hotuba fupi kwa familia za wanakwaya)



Katika jubilei hii tunawakumbuka wenzetu waliotutangulia kwa Baba. Picha zao tunazo, wamesimama kwenye ngazi za kanisa wakiwa na sare. Sauti zao je? Wengi hawakurekodiwa hata wimbo mmoja, kwa sababu tulikuwa tunasubiri pesa: za studio, za mpiga video, za sare mpya, na za basi la kutupeleka Fourteen Falls. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Video ya kwaya nzima tutaichangia, lakini familia zisiisubiri. Naomba kila nyumba irekodi wimbo mmoja, wazee pamoja na wajukuu, kwa simu iliyopo.

Anzeni na sauti. Mtu huvumilia picha hafifu, lakini wimbo usiosikika vizuri huuacha. Sebule yenye kuta tupu hurudisha mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo hufaa zaidi. Zimeni friji na televisheni, na kama paa ni la mabati, subirini mvua iishe. Zimeni mtandao wa simu ili mtu asipige katikati ya ubeti. Simu ikae hatua mbili hivi kutoka kwa waimbaji. Nyanya mwenye sauti ndogo awe mbele, mwenye besi nzito arudi nyuma. Kabla ya kuanza, mmoja apige kofi moja kubwa. Imbeni mara tatu, mchague iliyo bora.

Kisha picha. Chezeni rekodi hiyo kwa spika ndogo tangu mwanzo, muimbe mkiifuata huku mmoja akipiga video. Kofi litasikika katika kila kipande, na kijana atakayehariri atalitumia kulinganisha picha na sauti. Spika iwe karibu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 mbali husikia wimbo ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na midomo yake itaachana nao.

Futeni kioo cha kamera, simu ilale kwa upana. Pigeni asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi, kwani jua la saa sita hutia kivuli machoni. Maporomoko ya maji si lazima. Nyanya akichambua sukuma wiki huku akiimba, babu akiwa mlangoni, watoto wakiitikia: hayo yanatosha. Programu za kuhariri za bure zipo kwenye simu.

Mkimaliza, mwombeni kila mzee aimbe sauti yake peke yake, ya pili, ya tatu au ya nne. Baadhi ya nyimbo zetu za zamani hazina karatasi ya solfa. Zimo vichwani mwa watu wachache, na wakiondoka zitaondoka nao.

Kabla ya kuweka wimbo kwenye YouTube, ombeni ruhusa ya mtunzi. Sheria ya Kenya humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mzee asirekodiwe bila hiari yake, wala mtoto wa jirani bila idhini ya wazazi wake.

Mwisho, simu huibiwa na huanguka majini. Wekeni nakala kwenye flashi, na nyingine mumletee katibu wa kwaya. Jubilei ijayo, watoto wetu wasitazame picha tu. Wawasikie wazee wao wakiimba.

Mungu awabariki.