Mavuno na Matibabu: Wajibu wa Chama cha Msingi
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya Musoma, Bunda na Butiama)



Mkulima wa pamba wa Bunda au Butiama hupata fedha za zao lake mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi unapofunguliwa baada ya masika. Maradhi hayangoji msimu huo. Malaria huzidi wakati wa mvua, ghala likiwa limepungua na mfukoni hamna kitu. Ndipo mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, au pamba huuzwa kwa mlanguzi ingali shambani. Mgonjwa hupona, lakini jamaa yake hubaki na deni.

Kwa hiyo uzito wa gharama za matibabu una pande mbili: ukubwa wa bei, na wakati wa kulipa. Chama cha msingi hakipangi bei ya dawa. Lakini kinaweza kumwezesha mwanachama alipe wakati anazo, ili atibiwe wakati hana. Hiyo ndiyo maana ya bima.

Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa katika Wilaya ya Igunga, kaya ikilipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na sheria ya mfuko huo ikapitishwa mwaka 2001. Mfuko ulipoboreshwa kuanzia mwaka 2018, kiwango kilichowekwa mikoani kilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio katika vyama vya msingi, mwanachama akitakiwa kulipa shilingi 76,800 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa kuwa viwango hubadilika, ni wajibu wa Katibu kupata kiwango cha sasa kabla ya kuwaita wanachama mkutanoni.

Yafaa ieleweke kwamba bima si bidhaa kama sukari. Mwenye duka hajali ni nani anunuaye sukari yake. Mfuko wa bima hauna budi kujali, kwa sababu wakijiunga wagonjwa peke yao, fedha huisha. Mchango ukipandishwa, wenye afya huzidi kukaa mbali. Dawa ya hali hiyo ni watu kujiunga kwa kundi. Huko Kisiizi, kusini-magharibi mwa Uganda, hospitali ilianzisha bima mwaka 1996 kwa kutumia vikundi vya engozi, yaani vyama vya wanakijiji vilivyoundwa zamani ili kuwabeba wagonjwa kwa machela. Wazima na wagonjwa waliingia pamoja. Chama cha msingi ni kundi la namna hiyo hiyo: kina daftari la wanachama, kina mizani, na kina siku ya malipo.

Ili kazi hii isiharibike, mambo manne hayana budi kushikwa.

Kwanza, uamuzi utoke kwenye mkutano mkuu, na uandikwe katika kumbukumbu. Hakuna mwanachama wa kukatwa fedha bila kuelezwa na kutia sahihi yake.

Pili, makato yafanywe siku ya malipo ya mazao, na kila mwanachama apewe stakabadhi inayoonyesha mchango wa bima peke yake, usichanganywe na deni la mbegu wala la dawa za wadudu.

Tatu, fedha ziwasilishwe kwenye mfuko upesi, pamoja na orodha kamili ya majina. Fedha za bima si mtaji wa chama. Hazinunui magunia wala hazilipi posho za vikao. Mama atakayefika hospitali na mtoto mahututi, akaambiwa jina lake halimo, hatauamini ushirika tena, wala jirani zake hawatauamini.

Nne, chama kifuatilie huduma. Kadi isiyopata dawa ni hasara kwa aliyeilipia. Mkulima mmoja akilalamika kwamba zahanati haina dawa, sauti yake hupotea. Chama chenye kaya 200 zilizolipa, kila moja shilingi 30,000 kwa mfano, kimechanga shilingi 6,000,000. Mteja wa ukubwa huo husikilizwa. Halmashauri ya chama ipeleke malalamiko kwa maandishi kwa mganga mfawidhi na kwenye Halmashauri ya Wilaya, na majibu yasomwe mkutanoni.

Kwa wavuvi wa dagaa wa Musoma utaratibu utatofautiana, kwa kuwa wao hupata fedha wakati wa giza la mwezi na kupumzika mbalamwezi inapong'aa. Wao waweza kuweka akiba kidogo kidogo kila giza, mpaka mchango wa mwaka utimie.

Wapo watakaosema kwamba fedha ya asiyeugua imepotea. Haikupotea, imemtibu jirani, na mwakani ya jirani itamtibu yeye. Ushirika tangu mwanzo umejengwa juu ya msingi huo. Basi kila Katibu aliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu kabla mizani hazijafunguliwa, maana fedha zikishafika nyumbani na kutumika, hakuna hotuba itakayozirudisha.