Mizani ya Kuingia Makerere



Wazazi wengi hapa Uganda hudhani kwamba mtoto akipata alama nzuri kidato cha sita, basi mlango wa Makerere u wazi kwake. Sivyo. Kwa miaka mingi alama hizo hupimwa tena. Alama A ni pointi 6. Likiwa somo ni la lazima kwa fani aitakayo, kama Kemia na Biolojia kwa mwenye kutaka udaktari, huzidishwa mara 3, zikawa 18. Likiwa ni la kusaidia huzidishwa mara 2, zikawa 12. Lisilohusiana hukatwa nusu, zikabaki 3. Hivyo watoto wawili wenye alama sawasawa, mmoja huitwa, mwenziwe huachwa. Na babaye hunong'ona kwamba kijana ameonewa kwa jina lake la Kiislamu. Mimi humwuliza kwanza: kidato cha tano alichagua masomo gani, na nani alikuwa naye alipochagua?

Binti zetu waliongezewa pointi 1.5 tangu 1990. Na bado wako wanaowaoza kabla ya mtihani!

Basi siku ya kuchagua masomo, mzazi aende shuleni, aketi na mwalimu, fani itajwe, pointi zihesabiwe palepale.