Asili ya Mali na Mazao Yake

Mwenye kuishika barabara ya Mizingani mjini Unguja, akielekea bandarini, hana budi kuliona jumba lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ambalo Tharia Topan, tajiri aliyesimamia forodha za Sultani, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia masikini wapate humo dawa bila ya malipo. Alifariki mwaka 1891 ujenzi haujesha. Mjane wake akauendeleza hata ukatimia mwaka 1894. Lakini kusimamisha kuta si sawa na kumlipa tabibu mwezi baada ya mwezi, na mwaka 1900 jumba likauzwa kwa wasimamizi wa mali ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nurmahomed, na hapo ndipo chini palipowekwa zahanati, na ghorofa za juu zikagawanywa nyumba za kukaa watu.

Nalitaja jumba hilo kwa kuwa aila nyingi zilizojaaliwa riziki ya kadiri hutamani kuanzisha mfuko wa kuwafaa vijana na jirani zao, na huanza kwa kushauriana watoe kiasi gani, ilhali la kutangulizwa, kwa rai yangu, ni namna mali hiyo itakavyofungwa. Watu wa pwani wana njia yao ya wakfu, ambayo kwayo mwenye kuweka huizuia asili ya mali, ikiwa shamba, nyumba ama duka, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe hiba. Kisha mtawalli, yaani msimamizi wa wakfu, hukusanya mazao yake, akatengeneza kwanza paa linalovuja, na kilichobaki akakipeleka kwa waliokusudiwa. Mjini Nairobi, Mohamedally Rattansi na mkewe Maniben walishika njia iliyo jirani na hiyo walipoasisi amana yao ya elimu mwaka 1956: jengo lipo Koinange Street, na kodi ya wapangaji huwasaidia wanafunzi wa Kenya kulipa karo.

Mfuko mdogo una fadhila yake, nayo ni kuwa watoaji waweza kufika wenyewe. Vijana wakileta ombi la vyerehani, takeni katiba ya kikundi, cheti cha usajili, na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kisha nendeni mkaketi nao, mlifungue daftari la mapato na matumizi, mtazame kama kila risiti ina tarehe, na mumwulize mweka hazina, mbele ya wenzake, fundi atalipwa kwa fedha ipi cherehani kikiharibika. Mimi ningemwamini yule mwenye jibu la swali hilo kuliko mwenye ombi lililopigwa chapa vizuri.

Juma lijalo, inshallah, tutaisoma hati ya wakfu kifungu kwa kifungu; mwenye karatasi na kalamu aviweke karibu, maana tutaanza na kile cha kumwondoa mtawalli asiyefaa.