Maandalizi ya Kijana Mwenye Ulemavu Yaanze Kabla ya Kumaliza Shule

Mazungumzo kwa wazazi na walezi



Mwanafunzi anapomaliza shule, majirani humuuliza anakwenda wapi baada ya hapo. Kijana mwenye ulemavu mara nyingi haulizwi. Huketi nyumbani, na miaka hupita. Hali hiyo haizaliwi siku ya mahafali. Chanzo chake ni miaka mingi ya kutendewa kila kitu kwa huruma.

Chukueni mfano wa fedha. Binti wa miaka 14 mwenye ulemavu wa akili anaweza kutumwa dukani kununua kitu kimoja kwa noti moja, huku mtu akimfuata kwa mbali. Mara ya kwanza atarejea bila chenji, na pengine hata mara ya tano. Atumwe tena. Mzazi ataona uchungu, lakini asimpokonye noti hiyo, kwa kuwa genge atakalotaka kulifungua akiwa na miaka 20 linaanzia hapo. Kijana asiyeona naye afundishwe kutumia fimbo nyeupe hadi sokoni na kituo cha basi. Kijana kiziwi asisemewe na kaka zake kila aendapo. Familia nzima ijifunze lugha ya alama.

Hapo ndipo fursa zilizowekwa na Serikali zinapokuwa na maana. Vipo vyuo vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu, kikiwamo cha Yombo, Dar es Salaam. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na sehemu mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu.

Mwombaji wa mkopo lazima awe ametimiza miaka 18. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, Kitambulisho cha Taifa huchelewa na maombi hukwama, kishughulikiwe mapema. Ndugu kuomba mkopo kwa jina la kijana ambaye hajui hata biashara yenyewe ni ipi, huo si msaada.

Mzazi anayefika kwa Afisa Ustawi wa Jamii aje na kijana mwenyewe. Akiulizwa angependa kazi gani, aachiwe ajibu yeye, hata jibu likichukua muda.