Deni la Maktaba

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mji mmoja wa Marekani uitwao Seattle, jinsi watu wake walivyokopa fedha ili wajijengee maktaba. Kwani sisi walimu twaona kuwa habari hizi zina funzo kwa kila mtu aliyepata kuchanga fedha za kujenga shule kijijini kwake.

Mji ukitaka kujenga bila kungoja miaka mingi, huweza kutoa hati za mkopo. Wenye fedha huzinunua, nao mji huwarudishia fedha zao pamoja na faida, mwaka baada ya mwaka, kwa kodi ya nyumba na viwanja. Basi mwenye deni hasa ni kila mlipa kodi, na kwa hiyo hapana budi raia waulizwe kwanza kwa kura. Huko sheria yataka watu 60 katika kila 100 waliopiga kura wakubali.

Mwaka 1994 waliulizwa, lakini waliokubali hawakutimia. Wakuu wa maktaba hawakukata tamaa. Walikwenda mitaani kuwasikiliza watu, kisha wakaleta shauri jipya: maktaba kuu ijengwe upya, na maktaba ndogo za mitaa nazo zitengenezwe au ziongezwe. Mwaka 1998 karibu watu 70 katika kila 100 walikubali deni la dola milioni 196.4. Maktaba kuu mpya, yenye orofa 11, ikafunguliwa mwaka 2004.

Lakini fedha za mkopo huo zilikuwa za kujengea, wala si za kumlipa mtunza vitabu mshahara. Mwaka 2009 mapato ya mji yalipopungua, maktaba zote zilifungwa juma zima, na majumba yale mazuri yakasimama milango imefungwa. Mambo yakawa vivyo hivyo katika miaka iliyofuata, hata mwaka 2012 raia wakapiga kura tena, wakakubali kutoa kodi ya dola milioni 123 kwa miaka saba ili maktaba zao zipate kuendeshwa vema.

Je, nasi hatujaona shule iliyojengwa kwa michango ya wote, kisha paa likavuja kwa kuwa hapana aliyewekewa fedha za kulitengeneza? Basi ndugu zetu, kabla ya kukubali deni au mchango, ulizeni maneno mawili: Atakayelipa ameulizwa? Na jengo likiisha, litatunzwa kwa fedha gani?