Florida State: Walishinda zote, wakaachwa

Chuo Kikuu cha Florida State kilimaliza msimu wa 2023 wa futiboli ya Kimarekani kikiwa kimeshinda mechi zote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yake, ACC. Hata hivyo, Desemba 3, kamati ya uteuzi ilizigawa nafasi nne za mtoano wa taifa kwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Hao wawili wa mwisho walikuwa wamepoteza mechi moja moja.

Hoja ya kamati ilikuwa Jordan Travis, mpanga mashambulizi aliyeumia vibaya mguu mwezi Novemba. Bila yeye, ati, kikosi si kile kile. Lakini bila yeye waliifunga Florida ugenini, kisha Louisville 16-6 kwenye fainali ya ACC! Kamati ilihukumu mechi ambazo hazijachezwa, ikazipuuza zilizochezwa.

Wapo wanaoshika kipigo cha 63-3 walichopata kutoka kwa Georgia baada ya uteuzi huo kama ushahidi. Ushahidi gani, msikilizaji, ilhali wachezaji wengi wa kutegemewa walishajitoa?

Msimu uliofuata mtoano ulipanuliwa hadi timu 12. Florida State walishinda mechi 2, wakapoteza 10.