Mkojo Wenye Damu Siyo Uanaume

Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari jirani na Buzwagi, wilayani Kahama



Mwalimu aliponitambulisha kwamba nitazungumza juu ya UKIMWI, niliwaona wa kule nyuma wakipiga miayo. Najua mnajisemea, "Hayo tumeshayasikia." Basi leo tutafika kwenye UKIMWI kwa njia nyingine. Tutapitia lamboni.

Nani hapa hajawahi kuoga kwenye lambo, kuchunga ng'ombe wakinywa maji, au kusimama kwenye majaruba ya mpunga? Naona mnacheka tu. Hakuna mkono hata mmoja.

Mimi pia nimekulia humo. Nilipokuwa darasa la tano nilikojoa damu. Wenzangu walinipongeza, wakasema sasa nimekuwa mwanaume. Nikaamini, nikatembea kifua mbele! Kumbe nilikuwa mgonjwa wa kichocho.

Dada yangu alikuwa anachota maji kwenye lambo lile lile. Yeye hakuna aliyempongeza. Alipofika kidato cha tatu alianza kuumwa chini ya kitovu na kutokwa na uchafu wenye damu ukeni. Alikwenda zahanati moja, na swali la kwanza aliloulizwa ni, "Una wanaume wangapi?" Alipewa dawa za magonjwa ya zinaa, hakupona, akarudi nyumbani analia. Hakuwa na mwanaume hata mmoja. Alikuwa na minyoo.

Jamani, tuelewane hapa. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa na vimelea huingia ndani ya konokono. Baadaye hutoka kwa wingi, hasa jua linapowaka, na hupenya ngozi yako kwa dakika chache tu. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kukanyaga kunatosha. Minyoo hukomaa na kuishi kwenye mishipa ya damu kwa miaka kadhaa, ikitaga mayai kila siku. Kando ya Ziwa Victoria, kama kule Geita, kipo sana kichocho cha tumbo. Huku kwetu Shinyanga, kwenye malambo na majaruba, kinachotusumbua zaidi ni kichocho cha mkojo.

Mayai mengine hayatoki. Hukwama kwenye kibofu. Kwa wasichana hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Hapo panafanya vidonda vidogo na mishipa laini inayovuja damu upesi. Mwili nao hupeleka chembechembe nyeupe za damu kupambana na mayai. Sasa kumbukeni somo la Biolojia: virusi vya UKIMWI (VVU) hushambulia chembechembe gani? Hizo hizo! Yaani ngozi imefunguka, na chembechembe ambazo virusi vinazitafuta zimekusanyika mlangoni.

Je, haya ni maneno tu? Hapana. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, watafiti walifuatilia jamii 12. Zile zilizopewa huduma bora ya kutibu magonjwa ya zinaa zilipata maambukizo mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40. Tukajifunza kwamba kidonda sehemu za siri ni mlango.

Kisha watafiti wakauliza: na kidonda cha kichocho je? Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 457 katika vijiji vya Mwanza. Kati ya waliokuwa na kichocho cha mkojo na via vya uzazi, 17 katika kila 100 walikuwa na VVU. Kati ya wasiokuwa nacho, walikuwa 6 tu.

Mwanafunzi makini atauliza, "Kipi kilitangulia?" Swali zuri sana. Pengine VVU ndiyo vilivyoanza. Kwa hiyo watafiti wakatumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa tangu kabla watu hawajaambukizwa VVU. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba wanawake waliokuwa na kichocho walikuwa katika hatari karibu mara tatu zaidi ya kupata VVU baadaye. Kwa wanaume haikuonekana hivyo.

Lakini nisiwadanganye. Siyo kila utafiti umeona uhusiano huo, na haijathibitishwa kwamba kidonge cha kichocho peke yake kinazuia VVU. Hakichukui nafasi ya kusubiri, ya uaminifu wala ya kondomu. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa 2009 ukafungwa 2021, ila malori bado yanalala hapa mjini na wenye pesa za kuwarubuni mabinti bado wapo. Kidonge hakitakukinga na mtu wa namna hiyo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ukiona damu kwenye mkojo usijivune na usifiche. Nenda kapime. Mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri kwa hadubini.

Pili, dawa ya prazikwanteli ikiletwa shuleni, imeze. Kula kwanza ili usisikie kichefuchefu. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini makovu ya zamani ukeni huenda yasiondoke. Ndiyo maana tunasema tibiwa mapema. Na ukirudi lamboni, utaambukizwa upya.

Tatu, tumia choo. Maji ya lambo ya kuoga yachemshe, au yahifadhi kwenye chombo kwa siku mbili, vimelea vitakufa.

Nne, dada zangu, ukiulizwa swali kama la dada yangu, usinyamaze. Sema, "Nimekulia kwenye maji ya lambo, naomba nichunguzwe kichocho pia." Na kupima VVU siyo aibu. Aliye navyo akianza dawa mapema anaishi na kusoma kama wewe.

Mwisho, watafiti wanaweza kufika hata hapa. Una haki ya kuelezwa kila kitu kwa lugha unayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Kama hujafika miaka 18, mzazi au mlezi lazima akubali, na wewe uulizwe.

Dada yangu alipona baada ya daktari mwingine kumuuliza swali tofauti: "Ulikuwa unachota maji wapi?" Kesho mwulize mdogo wako swali hilo hilo.

Haya, nani ana swali? Anayeona haya aandike kwenye karatasi, asiweke jina.